Matundu Ishirini na Manne

Wenzangu katika chama chetu waliniomba niandike maneno machache juu ya kikapu kilichoko mezani pangu darasani. Baadhi yao walikiona walipotutembelea, na mmoja akakidhani kuwa ni chungu kilichovunjika kikatiwa kiraka. Hakukosea sana. Nusu yake ya chini ni udongo uliochomwa, mweusi. Nusu ya juu ni ukindu na nyuzi za mgomba. Mshikio wake ni tawi lililotupwa pwani na ziwa, na ukingoni yamefungwa makombe matano ya konokono. Hakiwezi kuteka maji, wala hakifai kubebea ndizi kwenda sokoni. Kilinichukua miezi minane kukifanya, pamoja na mama yangu ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kufifia, na chanzo chake ni swali la mwanafunzi mmoja ambalo sikuweza kulijibu.

Ilikuwa mwanzo wa mwaka 2020. Mtaala mpya wa shule za sekondari hapa Uganda ulikuwa umeanza kutumika mwezi wa Februari, na Kiswahili kimefanywa somo la lazima katika madarasa mawili ya kwanza. Sisi tuliozoea kufundisha watoto kumi au kumi na watano waliochagua somo wenyewe tulijikuta mbele ya darasa lililojaa hata dirishani. Siku moja nilikuwa nikisoma nao habari fupi ya msusi wa mikeka. Nikaandika ubaoni: ukindu, chane, ukili. Nikaeleza, kama ilivyokuwa desturi yangu, kwamba ukili ni utepe uliosukwa kwa majani ya mkindu au mwaa, na kwamba kili nyingi hushonwa pamoja zikawa mkeka au kikapu. Mtoto mmoja wa kike aliyeketi nyuma akainua mkono, akauliza: "Mwalimu, upana wake ni kiasi gani? Nao hushonwa kwa uzi gani?"

Nilimwambia kwamba tungelitazama jambo hilo kesho. Kesho ilipofika nikamwambia kesho kutwa. Ukweli ni kwamba neno hilo nilikuwa nimelifundisha kwa miaka kumi na minane kama nilivyofundishwa mimi chuoni, yaani kutoka katika kamusi, na sikupata hata siku moja kuushika ukili mkononi nikijua kwamba huu ndio ukili. Nilijua ngeli yake, nilijua wingi wake, nilijua na methali zinazotaja mikeka. Kitu chenyewe sikukijua. Kabla sijapata jibu, tarehe 20 Machi shule zote nchini zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Zilifunguliwa nusunusu na kufungwa tena, na hazikufunguliwa kwa watoto wote mpaka Januari 2022.

Nilirudi kwa mama, katika kijiji kilichoko kati ya Kajjansi na ziwa. Na hapa ndipo penye aibu ya habari hii, kwa maana mama yangu ni msusi. Nimelala juu ya mikeka yake tangu utotoni, na ada yangu ya shule, kwa kiasi kikubwa, ilitoka katika vikapu vyake. Basi msomaji atauliza, kwa nini sikumwuliza yeye? Sikumwuliza kwa sababu Kiswahili hakikuwa na ruhusa ya kuingia katika nyumba ile.

Walimu wa Uganda wanaijua sababu, lakini wenzetu wa nchi jirani huenda wasiijue vema. Kwetu Kiswahili kilikuwa tangu zamani lugha ya jeshi na polisi. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, na watu kama mama yangu hawakukisikia kwa mwalimu, wala kwa mtunzi wa mashairi, bali mlangoni usiku. Mjomba wangu, kaka yake mkubwa, alichukuliwa mwaka 1977, miaka mitatu kabla sijazaliwa, wala hakuonekana tena. Maneno ambayo mama aliyasikia usiku ule ni matatu: fungua, simama, twende. Mwezi wa Aprili 1979 askari wa Tanzania walipoingia Kampala pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, wengine walipita kijijini kwetu, nao wakaomba maji kwa lugha ile ile. Walimwita dada, wakamshukuru. Aliwapa maji kutoka mtungini, akafunga mlango. "Wale walikuwa wema," huniambia, "lakini sikio halichagui." Nilipopelekwa chuo kusomea ualimu wa Kiswahili hakunizuia. Alisema tu kwamba kazi yangu nisije nayo nyumbani.

Wazo la kuunganisha udongo na ususi lilinijia kwa bahati. Nyuma ya nyumba ulikuwako mtungi wa zamani, ule ule wa mwaka 1979, alioletewa mama wakati wa ndoa yake. Ulikuwa na ufa, hauwekwi maji tena, nao ulikuwa umekaa juu ya ngata ya majani ya mgomba kwa muda mrefu hata ngata ikashikamana na kitako chake. Nilipoutazama nikaona kwamba hivi vitu viwili havikupata kuwa mbali: mtungi hukaa juu ya kitu kilichosukwa, kichwani na sakafuni. Nikafikiri kwamba nikiutoboa ukingoni naweza kupitisha ukindu na kuendelea kusuka kwenda juu, nikapata kifaa cha kuwaonyesha wanafunzi ususi na ufinyanzi kwa pamoja, siku shule zitakapofunguliwa. Nikachukua msumari na jiwe. Tundu la kwanza lilipita. La pili lilipita. La tatu mtungi uligawanyika vipande vitatu, kwa sauti ndogo kabisa.

Mama alikuwa barazani. Akauliza, "Ni ule?" Nikasema, "Ndiyo, Maama." Hakusema neno mpaka jioni, tulipokuwa tukimenya ndizi. "Umeuvunja mtungi wangu kwa ajili ya Luswayiri," akasema. Sikuwa na la kujibu.

Siku ya tatu nilikwenda kwa mzee mmoja mfinyanzi anayekaa ng'ambo ya bonde. Nilipiga magoti nikamwamkia kwa adabu ya kwetu, nikamweleza kisa chote bila kuficha. Hakunicheka. Aliniuliza vigae viko wapi, na nilipomwambia kwamba nimevihifadhi alisema nivilete, kwani kigae kilichokwisha kupata moto hakitupwi. Husagwa kikatiwa katika udongo mbichi ili udongo ule usipasuke. Basi niliutwanga mtungi wa mama kinuni, nikauchekecha, nikaubeba katika mfuko wa sukari.

Bonde la Kajjansi ni mashuhuri kwa matofali na vigae vya kuezekea, na sababu yake iko chini ya miguu: ukipita udongo mweusi wa juu, wenye mizizi, unakuta udongo wa kijivu unaonata kama ugali. Mzee alinifundisha kuukausha, kuuponda, kuuloweka siku kadha wa kadha, kuuchuja na kuukanda. Kukanda kwenyewe ni elimu. Nilidhani nakanda kama unga wa chapati, naye akaukata mkate wangu wa udongo kwa uzi akanionyesha matundu ya hewa ndani yake. "Kila kimoja cha hivi," akasema, "ni mlango wa kuvunjikia." Nikaanza tena. Kisha nikafinyanga kitako, nikakizungushia kamba za udongo, moja juu ya moja, nikizibana kwa kidole ndani na nje hata maungio yasionekane.

Chombo cha kwanza kiliharibikia motoni. Nilikuwa na haraka, nikakichoma siku ya nne wakati wa mvua. Maji yaliyobaki ndani ya udongo yaligeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia hutafuta. Cha pili kilitoka salama, lakini matundu niliyoyatoboa kwa kipimo cha sindano yangu yalikuwa yamekuwa madogo, sindano haipiti. Udongo hunywea: ukikauka na kuchomwa hupoteza kama sehemu moja katika kumi ya kipimo chake, pengine zaidi, na shimo hunywea pamoja na ukuta wake. Cha tatu nilikisubiri. Nilikiacha kivulini, nimekifunika kwa jani la mgomba, mpaka kikawa kigumu kama ngozi isiyotengenezwa, ambayo yakubali kukatwa lakini haipindi tena. Hapo nikakitoboa kwa spoki ya baiskeli, nikayapanua matundu kwa kijiti cha tete, kila moja mbali na mwenziwe kwa upana wa kidole. Yalikuwa ishirini na manne. Nilikisugua kwa jiwe laini la mtoni hata kikang'aa, na baada ya majuma mawili tukakichoma katika moto wa wazi, kwa nyasi na kuni. Kilipokuwa bado chekundu mzee alikiopoa kwa mti mrefu akakifukia katika majani makavu, na moshi ukakifanya cheusi.

Nitoke kidogo katika njia. Wanafunzi wetu hudhani kwamba udongo ni wa vyungu vya kupikia tu, na kwamba sanaa huletwa kutoka mbali. Walakini mwaka 1929 huko Luzira, si mbali na Kampala, kilifukuliwa kichwa cha mtu kilichofinyangwa kwa udongo, pamoja na vipande vya kiwiliwili, na leo vimewekwa katika British Museum mjini London. Kutoka kwetu hadi Luzira ni safari ya mabasi mawili, nami kichwa hicho nimekiona pichani tu. Picha nyingine niliyokuwa nayo ilikuwa ya mtungi wa Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na ambaye vyombo vyake havipakwi rangi ya kung'aa. Hung'arishwa kwa kusuguliwa na kupewa rangi na moto na moshi. Nilimwonyesha mzee. Aliisogeza machoni, akaitazama kwa muda mrefu, akasema: "Huyu ana subira." Kwa mzee yule hakuna sifa kubwa kupita hiyo.

Sasa ilibaki kusuka. Mwaka ule wa 2020 ziwa lilikuwa limefurika kupita hata mafuriko ya mwaka 1964, na pwani yote ilikuwa imejaa mabaki: magogo, matawi yaliyosuguliwa na maji yakawa laini kama mfupa, mafunjo, gugumaji lililokauka, makombe ya konokono. Niliokota bila kufikiri, kama mtoto. Ukindu na nyuzi za mgomba nilivitoa katika akiba ya mama, kwa ruhusa yake, ingawa hakuuliza ni vya nini. Nikasimamisha vijiti ishirini na vinne katika matundu yale, nikachukua utepe mmoja nikaanza kuupitisha, mbele ya kijiti kimoja na nyuma ya kijiti cha pili, mzunguko mzima. Ulipofika mahali ulipoanzia, ukapita pale pale ulipopita mwanzo: mbele ya kile kile, nyuma ya kile kile. Nikaufumua nikaanza upya. Hali ikawa ile ile. Nilifumua mara nne. Mtu mwenye stashahada ya ualimu, nimekaa barazani nashindwa na utepe wa jani.

Mama alikuwa akisikiliza. Msusi asiyeona husikia mkwaruzo wa ukindu kama sisi tunavyosikia hatua za mtu tunayemjua. Alinyosha mkono, nikampa. Akapitisha kidole ukingoni mwa udongo, tundu kwa tundu, midomo ikihesabu.

"Ishirini na nne," akasema. "Nani alikufundisha kuhesabu?"

Akanieleza jambo ambalo kila msusi analijua na mimi sikupata kulisikia. Ukitaka kusuka kwa utepe mmoja, vijiti vyako sharti viwe hesabu ya witiri, ishirini na tatu au ishirini na tano, ili katika mzunguko wa pili utepe ujikute nyuma mahali ulipokuwa mbele. Hesabu ikiwa ya shufwa, utepe hurudi katika njia yake daima, na kazi haishikani. Nikasema basi imeharibika, kwa kuwa udongo umekwisha kuchomwa na tundu haliongezwi; nilikumbuka vizuri mtungi. Mama akasema hapana. Akataka utepe wa pili. Akachukua ukindu kwa mkono mmoja na uzi wa mgomba kwa mkono wa pili, akaupitisha mmoja mbele na mwenziwe nyuma ya kijiti, akavipishanisha, akaenda kijiti cha pili, akavipishanisha tena. "Ukiwa na viwili," akasema, "hesabu haina neno."

Alisuka mzunguko wa kwanza hadi wa sita bila kunirudishia. Nadhani mikono ilikuwa na njaa ya kazi, kwani tangu macho yalipofifia alikuwa ameacha kusuka vikapu vya kuuza, akiogopa kwamba wanunuzi wataona makosa asiyoyaona yeye.

Kuanzia siku ile tulifanya kazi pamoja alasiri. Na kwa kuwa mikono ilikuwa imeshughulika, ulimi ukapata nafasi. Nilimwuliza majina ya vitu kwa Kiganda, naye akanijibu. Mimi nikayaandika katika daftari. Siku moja nikasema, si kwa kukusudia, kwamba mti anaouita mukindo Kiswahili huuita mkindu. Akanyamaza. Kisha akasema, "Na huu?" akigusa mkeka aliokalia. Yeye huuita mukeeka. Nikamwambia, mkeka. Akagusa ngata iliyokuwa chini ya chombo chetu, aiitayo nkata. Nikamwambia, ngata, na wako wasemao kata. Nikamweleza na lile lililonishangaza mimi mwenyewe zaidi ya yote: kwamba kwa Kiganda kufinyanga ni kubumba, na mfinyanzi ni mubumbi, na kwamba neno hilo hilo, baada ya kupoteza sauti yake ya kwanza, ndilo umba la Kiswahili, ambalo hutumika katika jina la Mwenyezi Mungu, Muumba.

Nilitazamia kwamba habari hii ingempendeza. Alisuka vijiti vitano au sita, akasema, "Kumbe walituibia hata maneno."

Nilijaribu kumfafanulia, kwa upole, kwamba hakuna aliyeiba. Kwamba lugha hizi ni watoto wa bibi mmoja, na kila mmoja aliondoka na vyombo vyake katika nyumba ile ya zamani. Mwalimu hawezi kuuzuia ulimi wake. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Hivyo wale waliokuja usiku," akauliza, "walijua kwamba ni maneno ya bibi yetu?" Nikasema sidhani. "Basi," akasema, akaomba ukindu mwingine. Sikulizungumza tena, na sijui mpaka leo kama nilifanya vema kulizungumza mara ile ya kwanza.

Lakini baada ya majuma kadhaa jirani alikuja kuomba chumvi, akakiona kile chombo, cheusi chini na cha rangi mbili juu, na tawi la ziwani limepindwa juu yake. Akauliza ni kitu gani. Nilikuwa nikitafuta jibu. Mama akatangulia: "Ekyo Luswayiri," akasema, hicho ni Kiswahili. Jirani akacheka, na mama akacheka zaidi yake. Tangu siku hiyo ndilo jina lake. Husema, "Nipe Luswayiri nimalize ukingo," au, "Usiiache Luswayiri kwenye mvua." Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwake kwa sauti ya kawaida, kama mtu atajaye sufuria. Mengine siyadai.

Ukili nao nilijifunza, kwa mkono wangu mwenyewe, na haukuwa mzuri. Aliufumua mara nyingi. Sasa haoni kabisa, ila akipewa kazi yangu huipapasa na kuuonyesha mshono uliokosewa kabla sijamaliza kukaa.

Januari 2022 tuliporudi shuleni nilikibeba kikapu mapajani ndani ya basi. Nilikiweka mezani, nikawaita wanafunzi waje kukigusa mstari kwa mstari, nikawaambia wahesabu matundu wanieleze kwa nini nyuzi ni mbili. Wengi walijibu upesi kuliko nilivyojibu mimi. Nikautoa na ukili wangu mbovu, nikautandaza. Hapo nikatazama nyuma ya darasa. Mtoto yule aliyeuliza hakuwepo. Niliuliza wenzake, wakasema kwamba wakati shule zimefungwa jamaa zake walihama, wengine wakasema ameolewa, na hakuna aliyejua kwa hakika. Hakuwa peke yake; madawati ya wasichana yaliyobaki wazi mwaka ule yalikuwa mengi.

Jarida hili husomwa katika shule nyingi, ndani ya Uganda na nje. Jina lake sitaliandika, ila yeye atajijua, maana ndiye peke yake aliyeuliza. Ikiwa yumo katika darasa la mmoja wenu, au ni jirani yenu, au hununua kwake nyanya, mwambieni kwamba ukili wa mama yangu una upana wa vidole vitatu, na kwamba hushonwa kwa uzi uliosokotwa kwa ukindu wenyewe.